Nyufa Zinazojificha Ndani ya Mapanga ya Turbini

Panga la turbini ni bawa la chuma lililopinda, na kazi yake ni moja: kusukumwa na maji, mvuke au gesi ili mhimili uzunguke. Katika mto Tshopo, nchini Kongo, maji yanayosukuma mapanga ya namna hiyo hupita kwanza Masako. Msitu wa hifadhi wa Masako, wenye hekta 2,105, umekumbatiwa na pindo kubwa la mto huo, kilomita 14 hivi kaskazini-mashariki ya Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta. Mto ukishauzunguka msitu huteremka hadi maporomoko yaliyo ukingoni mwa mji, na hapo ndipo lilipojengwa bwawa la umeme katika miaka ya 1950, Kisangani ikiitwa bado Stanleyville. Kituo hicho cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kina mashine tatu, na uwezo wake wote haufiki megawati 20, kwa mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Mashine moja ikisimama, kama theluthi ya uwezo imekwenda. Kwa hiyo hali ya chuma kilicho chini ya maji, mahali ambapo mpita njia hapaoni kamwe, hufika mitaa ya Makiso, Mangobo na Kabondo kwa sura ya taa inayowaka au isiyowaka.

Kasoro nyingine panga huzaliwa nazo. Mapanga makubwa ya turbini za maji kwa kawaida husubiwa: chuma kilichoyeyuka humiminwa ndani ya kalibu ya mchanga na kuachwa kipoe. Chuma kinapopoa husinyaa, na sehemu nene hupoa mwisho. Kama hakuna chuma cha ziada cha kuijazia, hubaki mwanya katikati ya nyama ya panga, umefunikwa pande zote na chuma kizima. Gesi iliyokosa njia ya kutoka hubaki kama viputo. Punje za mchanga wa kalibu zikimomonyoka huchanganyika na chuma kama mawe katika mchele. Panga la namna hiyo likisuguliwa na kung'arishwa hupendeza macho sawa na lenzake lisilo na dosari, na fundi anayelipokea hana cha kulitilia shaka.

Kasoro nyingine huja na kazi. Maji yanapopita kwa kasi upande wa nyuma wa panga, shinikizo hushuka hadi maji yenyewe yakachemka pasipo moto na kutoa viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikifika mahali penye shinikizo kubwa huvunjika ghafla, na kila kimoja hupiga chuma kipigo kidogo chenye nguvu kubwa. Mafundi huliita jambo hili kavitesheni. Chuma kilichopigwa hivyo kwa miezi hufanana na sifongo, au na mbao iliyoliwa na mchwa. Mchanga nao husaga. Punje za kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha panga, na mto unaopita kwenye ardhi iliyofyekwa hubeba mchanga mwingi kuliko mto unaopita msituni. Misitu ya kandokando ya Kisangani, Masako ikiwemo, imeliwa miaka mingi na mashamba ya kufyeka na kuchoma pamoja na makaa yanayopelekwa mjini kwa baiskeli. Watu wa misitu hulizungumzia jambo hilo kwa ajili ya miti na wanyama. Watu wa turbini wangekuwa na haki ya kulizungumzia kwa ajili ya chuma.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni uchovu wa chuma. Kila mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, wa Kisangani anaujua bila kuujua jina. Spoku ya baiskeli haikatiki siku ile ilipobebeshwa magunia mawili na mteja mnene juu yake. Hukatika asubuhi ya kawaida, njia tambarare, mzigo mwepesi, kwa sababu ilikunjwa na kukunjuliwa mara elfu na elfu kabla ya hapo. Panga nalo ni hivyo. Gurudumu la turbini likizunguka mara 150 kwa dakika, huwa limezunguka mara 216,000 kwa siku moja. Na kama maji huingia kupitia milango midogo 20 iliyolizunguka, kila panga husukumwa na kuachiwa mara 20 katika kila mzunguko, yaani zaidi ya mara milioni nne kati ya jua kuchomoza na kuchomoza tena. Msukumo mmoja haulidhuru. Lakini mahali palipo na mkwaruzo, kitundu cha kavitesheni, au mwanya uliozaliwa kiwandani, kila msukumo hufungua mdomo wa chuma kiasi kisichopimika kwa rula, na ufa huanza.

Mahali ufa unapopenda kuanzia panajulikana. Ni pale panga linapoungana na kitovu cha gurudumu, au na pete ya nje kwa turbini zenye pete, hasa karibu na ukingo ambako maji hutokea. Hapo mkunjo ni mkubwa na chuma hubadilika unene ghafla. Ufa wa uchovu hukua polepole sana mwanzoni, pengine kwa miaka, kisha mwendo wake huongezeka kadiri chuma kilichobaki kinavyopungua. Mwishoni panga hukatika kwa kishindo kimoja, na kipande chake hupita kati ya mapanga mengine kama panya aliyetumbukia kwenye mashine ya kusaga mihogo, ila panya huyu ni wa chuma na ana uzito wa mamia ya kilo. Ukaguzi wote unaoelezwa hapa una shabaha ya kuukuta ufa katika miaka ile ya mwanzo, ungali wa milimita chache.

Njia rahisi ya kujua kilichomo ndani ya chuma ni kukikata. Viwanda hufanya hivyo kwa vipande vya majaribio, lakini panga lililokatwa halirudi kazini. Ukaguzi usioharibu ni jina la njia zote zinazouliza chuma habari za ndani yake na kukiacha kama kilivyokuwa. Wazo lenyewe halikuanzia maabara. Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Walokele wanaoishi kando ya mto Kongo chini kidogo ya Kisangani walituma habari kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya gogo lililotobolewa. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo kilichotolewa mwaka 1949, akieleza jinsi sauti zake mbili, ya juu na ya chini, zinavyofuata mwinuko na mshuko wa maneno ya lugha. Gogo la ngoma kama hiyo likipasuka, sauti hubadilika kabla jicho halijaona mpasuko. Fundi wa reli aliyekuwa akigonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo alifanya kazi ileile ya sikio.

Kwenye turbini, kazi huanza kwa jicho, na jicho hudharauliwa bila sababu. Mashine husimamishwa, milango ya maji hufungwa, maji yaliyobaki hutolewa, na mafundi huteremka kwenye chumba chenye giza, unyevu na utelezi. Jukwaa hujengwa chini ya gurudumu. Kisha panga husafishwa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kutu, ukoko wa chokaa, konokono wadogo wa mtoni na rangi ya zamani hufunika nyufa. Lakini fundi akikisugua chuma kwa mashine ya kusaga bila uangalifu, hukilaza chuma laini juu ya mdomo wa ufa na kuuziba, ukabaki palepale umefumba kinywa. Baada ya usafi huhitajika taa yenye nguvu inayomulika kwa mshazari, kioo cha mkononi, na mtu asiye na haraka. Mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka mahali palipo safi mara nyingi ndio ushahidi wa kwanza kwamba maji yameingia ndani na kutoka.

Baada ya jicho huja rangi ya kupenya, ambayo wahandisi waliosoma kwa Kifaransa huiita resuaji. Kimiminika chekundu, au chenye kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, hupakwa juu ya panga na kuachwa kwa dakika 10 hadi 30. Wakati huo huingia kwenye ufa kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Kisha uso hupanguswa, na unga mweupe hupulizwa juu yake. Rangi iliyojificha ndani ya ufa huvutwa nje na unga, na mstari mwekundu hutokea penye weupe, wazi kama damu kwenye shuka. Karakana za reli za Ulaya na Marekani zilifanya hivi tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwa mafuta na unga wa chokaa, na gereji yoyote ya leo inaweza kufanya hivyo kwa mafuta ya taa na chaki, ingawa haitaona nyufa nyembamba sana. Njia hii haihitaji umeme, wala haichagui aina ya chuma. Ila huona tu ufa uliofungua mdomo juu ya uso. Mwanya uliozaliwa katikati ya panga hauna habari nayo, na ufa uliojaa uchafu, mafuta au maji hauna nafasi ya kupokea rangi. Chumba cha turbini kilicho chini ya mto hakikauki kirahisi, na fundi mwenye haraka anayepaka rangi juu ya chuma chenye majimaji atapata panga safi lisilo na ufa hata mmoja, jambo litakalomfurahisha kila mtu kwa muda.

Kama chuma kinakubali sumaku, ipo njia kali zaidi. Panga hutiwa sumaku mahali pamoja kwa kifaa chenye miguu miwili, kisha unga laini wa chuma humwagwa juu yake, mkavu au ndani ya mafuta. Nguvu ya sumaku hupita ndani ya chuma kizima bila shida, lakini ikikutana na ufa huruka nje na kurudi upande wa pili. Unga hukusanyika hapo na kuchora ufa. Hata ufa uliofunikwa na ngozi nyembamba ya chuma huweza kuonekana, jambo ambalo rangi haiwezi. Chuma cha pua chenye kromiamu asilimia 13 na nikeli asilimia 4, kinachotumika sana kwa magurudumu ya turbini za maji, hukubali sumaku vizuri. Ufa lakini huonekana tu ukikatiza njia ya sumaku. Ukilala sambamba nayo hupitwa kimya, kwa hiyo kila mahali hukaguliwa mara mbili, kifaa kikigeuzwa pembe mraba.

Kuna mtego mwingine ambao huyapata hasa mapanga ya zamani. Panga lililoliwa na kavitesheni hujazwa kwa kuchomelewa, na mara nyingi kijazio huwa chuma cha pua cha aina isiyoshika sumaku, kilichowekwa juu ya chuma cha kawaida kinachoishika. Pale viwili hivyo vinapokutana, sumaku huruka kana kwamba kuna ufa, na unga huchora mstari mzuri wenye kushawishi. Mkaguzi asiyejua historia ya panga ataamuru lisagwe, lichimbwe, lichomelewe upya, na ufa wenyewe haukuwepo. Mstari wa uongo husababisha hasara ya kweli. Ndiyo maana daftari la matengenezo ya miaka 20 iliyopita ni kifaa cha ukaguzi sawa na sumaku yenyewe.

Rangi na unga huishia kwenye ngozi. Kwa habari za nyama, sauti hurudi kazini. Mwaka 1928 mwanasayansi wa Kirusi Sergei Sokolov alipendekeza mawimbi ya sauti yenye mtetemo wa juu kuliko sikio liwezavyo yatumike kutafuta kasoro ndani ya metali, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alipata hataza ya kifaa kinachotuma pigo fupi la sauti na kusikiliza mwangwi wake. Kanuni haijabadilika. Kipimio kidogo kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa huwekwa juu ya panga, katikati kukiwa na jeli au grisi ili hewa isizuie sauti. Kipande kidogo cha keramiki kilichomo ndani yake hutetema mara milioni mbili hadi tano kwa sekunde. Sauti hukimbia ndani ya chuma kwa mwendo wa karibu mita 5,900 kwa sekunde, mara 17 ya mwendo wake hewani, hugonga ukuta wa nyuma wa panga na kurudi. Kwa panga la unene wa milimita 60, safari ya kwenda na kurudi huchukua kama mikrosekunde 20, yaani mafungu 20 ya sekunde iliyogawanywa mara milioni.

Mwangwi ukirudi mapema kuliko hapo, kuna kitu njiani. Ufa una hewa au maji ndani yake, na sauti inayotoka kwenye chuma kwenda hewani hurudishwa karibu yote. Kwenye skrini hutokea mwiba mmoja kati ya mwiba wa uso na mwiba wa ukuta wa nyuma, na umbali wake huonyesha kina cha kasoro. Yote hii ni rahisi kwenye ubao wa chuma ulionyooka. Panga la turbini limepinda pande mbili, unene wake hubadilika kila sentimita, na mahali panaposhukiwa zaidi, kwenye kona ya kitovu, ndipo kipimio hakikai sawasawa. Mkaguzi hutumia vipimio vinavyorusha sauti kwa mshazari wa nyuzi 45, 60 au 70, akichora kwanza kwenye karatasi njia ambayo sauti itapita. Chembe za chuma kilichosubiwa nazo hutawanya sauti, na skrini hujaa nyasi, kama wasemavyo mafundi, ambamo mwiba mdogo hupotea. Kasoro ndogo kuliko nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa mitetemo milioni nne kwa sekunde ni kama robo tatu ya milimita, haina matumaini mengi ya kuonekana. Na kasoro bapa iliyolala sambamba na sauti hurudisha mwangwi dhaifu au hairudishi kitu.

Kabla ya kugusa panga, kifaa hujaribiwa kwenye kipande cha chuma cha aina ileile kilichotobolewa tundu la kipimo kinachojulikana. Mwiba wa tundu hilo ndio kipimo cha kulinganishia. Mkaguzi aliyeruka hatua hii anaweza kuzunguka na kipimio siku nzima na kuleta namba nyingi zisizo na maana. Vifaa vipya vina vipande vingi vidogo vya keramiki ndani ya kipimio kimoja, vinavyopigwa kwa zamu ili miale ya sauti ipinde na kufagia bila mkono kusogea, na picha inayotokea hufanana na ile anayoonyeshwa mama mjamzito hospitalini. Ni ndugu wa ukoo mmoja, chombo cha mimba na chombo cha turbini.

Mikondo ya Foucault, iliyopewa jina la mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault, huhitaji koili ndogo ya waya inayopitishiwa umeme unaobadilika. Koili ikisogezwa juu ya chuma huzusha mikondo midogo ya mviringo kwenye ngozi yake. Ufa huilazimisha mikondo izunguke mbali, na koili huhisi. Haihitaji jeli wala rangi, na hupita juu ya rangi nyembamba ya ulinzi. Kina chake ni kidogo, lakini kwa ufa mwembamba ulio usoni ina ukali ambao rangi haiufikii.

Ukali huo ulionekana thamani yake katika injini za ndege. Tarehe 17 Aprili 2018, ndege ya Southwest Airlines ikiwa angani Marekani ilikatikiwa na panga moja la feni ya mbele ya injini yake ya kushoto. Vipande vilivunja dirisha, na abiria mmoja alifariki. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu kwenye mzizi wa panga, pale linapoingia kwenye kitovu, mahali palepale panapotiliwa shaka katika turbini ya maji. Panga hilo lilikuwa limekaguliwa kwa rangi ya kupenya mwaka 2012, na bodi ya uchunguzi ya Marekani iliona kwamba ufa huenda ulikuwepo wakati ule na haukugunduliwa. Baadaye mikondo ya Foucault iliongezwa kwenye ukaguzi wa mapanga ya aina hiyo, na baada ya ajali wakaguzi waliamriwa kuyapima kwa sauti. Hakuna aliyekwepa kazi mwaka 2012. Panga lilipakwa, likapanguswa, likatazamwa, likapita.

Kisangani, ambako msafiri wa kwenda Kinshasa huchagua kati ya ndege na siku nyingi za mto, ina sababu ya kulijua hilo. Mapanga ya ndani ya injini za ndege, yale yanayopigwa na gesi ya moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 za selsiasi, hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli usioshika sumaku, hivyo unga wa sumaku haufai kitu hapo. Kiwandani hupigwa eksirei kuhakikisha njia nyembamba za hewa ya kuyapoza hazikuziba. Kazini hutazamwa kwa kamera nyembamba kama kidole, inayoingizwa kwenye vitundu vilivyoachwa makusudi ubavuni mwa injini, fundi akizungusha mhimili polepole ili kila panga lipite mbele ya kamera kwa zamu yake.

Eksirei na mionzi ya gama huvutia watu kuliko njia nyingine, kwa kuwa huleta picha. Mwanya wa kusubia huonekana kama doa jeusi, na hakuna ubishi. Kwa panga lililoko kiwandani ni njia nzuri. Kwa panga lililofungwa chini ya mto, faida hupungua haraka. Lazima filamu ikae upande mmoja na chanzo upande wa pili, watu wote waondoke, na ufa mwembamba ambao haukukaa sawa na mwelekeo wa mionzi hauachi alama. Chanzo kinachotumika sana, iridiamu 192, hupoteza nusu ya nguvu zake kila siku 74. Kongo si mgeni wa elimu ya mionzi: Kinshasa ilipata mwaka 1959 mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza barani Afrika. Lakini kusafirisha chanzo hadi Tshopo, pamoja na vibali na ulinzi wake, kwa ajili ya picha ya kona ambayo kipimio cha sauti kingeifikia kwa nusu saa, ni gharama isiyo na utetezi.

Kila njia, basi, ina upofu wake, na upofu huo hauponi kwa kununua kifaa cha bei kubwa zaidi. Huzibwa kwa njia nyingine yenye upofu tofauti. Utaratibu wa busara kwa gurudumu la turbini ya maji ni jicho kwa mapanga yote, rangi au sumaku kwa kona zote za kitovu na kwa kila chomeleo, na sauti pale panapotiliwa shaka au palipo na unene. Bolti zisisahauliwe. Tarehe 17 Agosti 2009, kwenye kituo cha Sayano-Shushenskaya mto Yenisei, Siberia, kifuniko cha turbini namba 2 kilifumuka, maji yakajaa ukumbi wa mashine, na watu 75 wakafa. Mapanga hayakuwa chanzo. Bolti zilizoshikilia kifuniko zilikuwa zimechoka kwa mitikisiko ya miaka: katika 49 zilizochunguzwa baadaye, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu. Bolti huonyesha kichwa na nati tu, na ufa wake umo shingoni, ndani ya tundu. Hakuna jicho linalofika pale, ila kipimio cha sauti kikiwekwa kichwani mwa bolti huisoma hadi mwisho kwa muda mfupi kuliko wa kupika chai.

Mtu anayeshika kipimio ana uzito kuliko kipimio. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9712 huwagawa wakaguzi katika ngazi tatu. Wa kwanza hupima kwa maelekezo, wa pili hutafsiri alichopima na kutia sahihi, wa tatu huandika taratibu. Kila njia huwa na mtihani wake, na hata macho ya mkaguzi hupimwa kila mwaka. Cheti cha sauti hakimruhusu mtu kusoma sumaku. Kituo kilicho mbali na miji mikubwa huelekea kumwita mgeni mwenye vifaa mara moja kwa miaka mingi, naye hupima, huandika na kuondoka na kumbukumbu zake. Hilo ni kosa la mpangilio. Fundi wa hapohapo mwenye ngazi ya pili ya rangi na sumaku, mwenye makopo ya rangi ambayo tarehe yake haijapita, ana manufaa zaidi kuliko mtaalamu mkubwa anayeonekana kila baada ya miaka kumi, kwa sababu yeye anaweza kurudi kwenye ufa uleule.

Kurudi ndiko kunakotoa jibu. Ufa wa milimita nne, peke yake, hausemi kama ni mzee aliyetulia au mtoto anayekua. Mwaka unaofuata ukiwa bado milimita nne, mashine inaweza kuendelea chini ya uangalizi. Ukiwa saba, ni wa kuchimbwa. Ili ulinganisho huo uwezekane, mapanga hupewa namba zisizobadilika zilizogongwa kwenye chuma, mahali pa ufa hupimwa kutoka alama moja ileile, picha hupigwa kukiwa na rula ndani yake, na ripoti hutaja kifaa, kipimio, mwelekeo na jina la aliyepima.

Wakati unaofaa kusimamisha mashine ni ule ambao maji hayatoshi kuziendesha zote. Katika ukanda wa Kisangani mvua hupungua hasa Januari na Februari. Siku za mwanzo huishia kwenye kukausha na kusafisha, na mkubwa wa kituo anayehesabu saa za giza mjini hulalamikia siku hizo ambazo hakuna kilichopimwa. Ufa ukipatikana, husagwa hadi mwisho wake, na mwisho huo huthibitishwa kwa rangi, maana ufa uliochomelewa juu huku mkia wake umebaki chini hufufuka. Shimo hujazwa kwa kuchomelewa, chuma kikipashwa moto kwanza na kupozwa polepole. Kisha hukaguliwa tena. Taratibu nyingi hudai ukaguzi mwingine baada ya saa 48, kwa kuwa hidrojeni iliyonaswa ndani ya chomeleo huweza kupasua chuma siku ya pili, mafundi wakiwa wamekwisha kukusanya vyombo. Baada ya hapo jukwaa huvunjwa, milango hufunguliwa, gurudumu hujazwa maji na kuzungushwa bila mzigo, mitikisiko ya beringi ikipimwa na kuandikwa. Tarehe ya ukaguzi ujao hujazwa kwenye ripoti hiyohiyo kabla mashine haijarudishwa kwenye laini ya mji.